Sabuni Katika Tundu la Bolti

Kwenye mguu wangu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, nina kovu la urefu wa kidole. Wajukuu wakiuliza nawaambia niliungua jikoni, kwa sababu kisa chenyewe ni kirefu na kinaishia pabaya. Kovu hilo ndilo lililonipeleka kwa Fundi. Alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo kama watu wote, lakini toka Muleba mjini hadi Kishanda ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani, ingawa mafundi walikuwa wengi.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati ndogo huko Kishanda, na pikipiki niliyopewa ya kuwatembelea wagonjwa majumbani ilikuwa imeachwa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Umri wa pikipiki hiyo hakuna aliyeujua. Ilikuwa na kiti kilichoshonwa kwa ngozi ya mbuzi, na bomba la moshi lililoshikwa kwenye injini kwa bolti mbili tu. Bolti moja ilipoanza kusumbua niliipeleka kwa fundi mmoja Bukoba, akahangaika nayo asubuhi nzima, kisha akanirudishia na kuniambia imekaa sawa. Nikamshukuru sana, mjinga mimi. Nikapanda mlima wa kwanza, nikapanda wa pili, na katikati ya mlima wa tatu bomba likachomoka kwa kishindo likanilalia mguuni na moto wake wote.

Niliisukuma ile pikipiki mpaka Muleba nikilia, na si kwa maumivu tu, hasira nayo ilikuwepo. Watu wakanielekeza kwenye banda la mabati kando ya barabara. Mtu aliyekuwa ndani hakunipa pole. Hakuutazama hata mguu. Aliinama kwenye injini, akauliza:

"Nani aliigusa kabla yangu?"

"Fundi mmoja wa mjini."

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia imekaa sawa."

Akachukua spoku ya baiskeli, akaitia ndani ya tundu la bolti, akachokonoa. Ikatoka na uji mzito wa rangi ya majivu. Akaniletea puani.

"Nusa."

Nikanusa. "Sabuni," nikasema.

"Sabuni ya mche, ya kufulia. Bolti ilimkatikia ndani, akaona haya. Akajaza tundu sabuni na masizi, akabandika kichwa cha bolti juu. Ukitazama, bolti ipo. Ukigusa, bolti ipo. Injini ikipata moto sabuni inayeyuka, na wewe uko mlimani." Alitema mate pembeni. "Kukata bolti si dhambi, Sista. Hata mimi nimezikata. Dhambi ni sabuni."

Ndivyo tulivyojuana, na Sista, kama wauguzi wote walivyoitwa, ndilo likawa jina langu kwake. Swali lile la kwanza, nani aliigusa kabla yangu, alimuuliza kila mteja, na aliyejibu kwa uongo alirudishiwa chombo chake kikiwa hakijaguswa. Nilimwona akimfukuza mwalimu mkuu mzima mbele ya wanafunzi wake kwa sababu alisema hakuna aliyeigusa pikipiki yake, huku nati zina alama za nyundo. Na neno sabuni kwake lilikuwa jina la uongo wa kila aina. Hotuba ya mwenyekiti, sabuni. Ahadi ya mvuvi kwamba atarudi kwa mke wake Krismasi, sabuni. Kuhusu mchumba wa kwanza niliyemtaja mbele yake, Fundi aliniambia nimwangalie vizuri, maana anang'aa kama tundu lililojazwa, na kwa bahati mbaya alisema kweli.

Bolti ile iliyokatika ilimchukua siku mbili kuitoa. Nililala kwa dada yangu pale Muleba na kila asubuhi nikaenda kukaa kwenye gogo lake, kwa kuwa sikuwa na pikipiki wala mguu wa kutembelea. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi. Mafundi wengine walikuwa watu wa nguvu. Bolti ikigoma waliongeza bomba refu kwenye spana na kulalia kwa kifua mpaka ikakatika, halafu wakailaani. Yeye aliwasha injini kwanza, akaiacha ichemke, akaizima, kisha akachukua kipande cha mshumaa na kukigusisha pale bolti inapoingilia. Nta ikayeyuka ikapotea ndani. Akangoja. Akagonga kwa nyundo ndogo, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Akarudia moto, akarudia nta. Tulikuwa kwenye miaka ile baada ya vita, dukani hapakuwa na mafuta ya kulainishia wala ya kupikia, na mshumaa ndio uliokuwa dawa yake.

"Mafuta yanapita juu," aliniambia. "Nta inaingia ndani, kwa sababu inafuata moto."

Kisha akaweka spana na kuniambia nisikilize. Hii ndiyo elimu aliyonipa na sijaisahau. "Ikilia, inakuja. Ikinyamaza, iache, irudishie nta. Lakini ikilainika mkononi, ikawa kama inakutii kabla haijalia, toa mkono wako haraka. Hiyo haifunguki, hiyo inakatika." Alisema bolti nyingi hukatwa na furaha ya fundi, maana anahisi ulaini anadhani ameshinda.

Mishumaa ile aliipata kanisani. Sakristani alikuwa rafiki yake, akamwekea vipande vinavyobaki kwenye misa za mazishi, kwa kuwa huko ndiko mishumaa inawashwa mingi pembeni mwa jeneza na kuzimwa kabla haijaisha. Na hapa kulikuwa na kichekesho chake, kwa sababu Fundi mwenyewe misa hakwenda. Jumapili alikaa nje kwenye baiskeli za waumini, akikaza minyororo yao bila kuombwa, na padre alipomwuliza kwa nini haingii alijibu kwamba huko ndani ukiuliza nani aliigusa, kila mtu anajibu ni shetani. Padre akacheka, mama zetu wakakasirika kwa niaba yake.

Mwanzoni vipande vilitosha kiganja kwa mwezi. Sikumbuki ni lini vilianza kujaza kopo. Nakumbuka tu siku moja nilifika nikakuta makopo matatu yamepangwa kwenye rafu, yote yamejaa, naye anayatazama. "Sista," akasema, "hata nikifungua bolti zote za mkoa huu, sitaimaliza nta hii." Nilikuwa nimetoka kuzika watu wawili juma lile.

Kuhusu vita alisimulia kisa kimoja tu, mara nyingi, na kila mara akaanzia mahali tofauti. Wakati ule karakana yake ilikuwa Buhembe, nje kidogo ya mji. Mabomu yalipoanza kuangukia Bukoba, watu walibeba magodoro na mbuzi na bibi zao wakafuata barabara ya kusini. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa na pikipiki ya katekista imefunguliwa bomba na haikuwa heshima kumwacha mtu na chombo kiko wazi. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, na mimi naiamini. Asubuhi moja akaja askari wetu kijana na pikipiki aliyoiteka ng'ambo ya mto, bomba linavuma, bolti zimeungua na kuganda. Akataka ifunguliwe mara moja, ana barua za kupeleka mbele. Fundi akawasha mshumaa. Askari akamwekea mtutu begani.

"Nikamwambia, afande, bolti haijui bunduki. Ukinipiga itabaki imeganda vilevile, na fundi utakuwa huna."

Askari akakaa kwenye gogo. Saa sita mchana bolti zikatoka nzima, moja baada ya nyingine, zikilia vizuri. Yule kijana akampa kopo la nyama na kumwita baba. Baada ya majuma kadhaa ile pikipiki ilirudi juu ya lori bila yeye. Dereva akaishusha pale kwa Fundi aitazame kama inafaa tena. Bomba lilikuwa limekaza kama alivyolikaza. Kiti kilikuwa na kitu kilichokauka ambacho ilibidi akioshe mwenyewe kwa maji na majani ya mgomba. Kila alipofika hapo kwenye kisa hakucheka tena, akainuka kutafuta kazi ya kushika mkononi. Miezi michache baadaye akahamia Muleba, akisema Buhembe panamnukia.

Mtu yule yule aliyeuambia mtutu ungoje alikuwa anaogopa sindano. Namtania sasa kama nilivyomtania wakati ule. Alishika chuma cha moto bila kitambaa, akajikata na tindo akafunga jeraha kwa mpira wa baiskeli, lakini nikimwambia aje zahanati nimchome ya pepopunda, angekumbuka ana safari. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti changu. "Huko kwako mnachokonoa mkitafuta," aliniambia, "na mtu akichokonolewa lazima kitapatikana kitu."

Mkali kwa watu, mpole kwa chuma. Hakuwa na mke. Aliyekuwa naye zamani alirudi kwao kwa sababu, nasikia, alimwambia ukweli kuhusu mapishi yake mbele ya wageni. Lakini adabu ya nyumbani aliishika. Kabla ya kugusa chombo chako alikutolea kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kopo, yale matunda makavu ya mbuni yaliyochemshwa na majani, akakuwekea kiganjani, na hakuanza mpaka aone umetia mdomoni. Mgeni asiyetafuna, alisema, ana jambo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizungukia.

Alikuwa na mdogo wake, mtu wa samaki, aliyekaa miaka mingi kisiwani Bumbire akinunua kwa wavuvi na kuvusha. Alikuwa na mke na watoto wawili kwenye kibanja chao, shamba la migomba lenye nyumba, hapa Kishanda, na alirudi kwao mara chache, akiwa na redio na shati jipya. Mara ya mwisho alirudi akiwa amebebwa. Nilimhudumia miezi minne. Mdomo wake ulikuwa na utando mweupe, tumbo halikufunga, na nyama ilimwisha mwilini mpaka shati lile likawa kama limetundikwa ukutani. Nilikuwa nimeona wengi wa hivyo kufikia hapo. Vijijini watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilicholetwa na wafanyabiashara wa kwanza kufa nao. Sisi wa dawa tulikwisha kusikia jina lake jingine, na tulikuwa tumeambiwa tusilitamke ovyo.

Siku moja akanishika mkono. Mke wake alikuwa ameenda kisimani.

"Sista, najua ninachoumwa. Kaka asijue."

"Kwa nini asijue? Ni kaka yako."

"Yeye hasamehi kitu kibovu. Na wakijua ukoo, watamfukuza mke wangu, watasema ndiye aliyenipa. Uapie rozari."

Nikaapa. Ningefanya nini? Mtu anakufa mbele yako anakushika kwa vidole vilivyobaki mifupa. Akafa Alhamisi, na mishumaa yake ikaenda kwenye kopo la kaka yake kama ya wengine wote.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Kwetu wakati ule mjane hakuachwa hivi hivi. Ndugu wa marehemu alimrithi, akakaa kwenye kibanja, akalea watoto, na ukoo ukabaki na ardhi yake. Ndugu alikuwa mmoja tu. Asubuhi iliyofuata Fundi alikuja Kishanda kwa miguu, akanikuta nje ya zahanati nikifunga mkoba kwenye pikipiki. Akasema amekuja kuangalia lile bomba. Akachuchumaa, akaligusa, halafu akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna na kuniwekea kiganjani.

"Ukoo umekaa, Sista. Wanataka nimchukue shemeji."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijakataa. Yule mwanamke ni mtu. Na watoto wananijua." Kidole chake kilikuwa bado kwenye bolti. "Lakini nataka kujua kitu kimoja kabla sijagusa nyumba ya mtu. Ndugu yangu alikufa na nini?"

Niliangalia bomba. Lilikuwa limekaza vizuri, miaka mitano bila kuvuja, alivyoliweka yeye.

"Kifua," nikasema.

"Kifua tu?"

"Mapafu yalijaa maji, Fundi. Huko kisiwani baridi ni kali, na alilala kwenye vibanda vya nyasi."

"Watu wanasema Juliana."

"Watu wanasema mengi."

Akainuka. Akatazama mkono wangu, na nikagundua kwamba zile kahawa nilikuwa bado nimezifumbata, zimelowa jasho.

"Hujatafuna," akasema.

Nikatia mdomoni zote kwa mara moja. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akasema, "Wakola, Sista," ndiyo asante ya kwetu, akaondoka akipita kwenye migomba.

Kifua alikuwa nacho kweli. Mapafu yalijaa maji kweli. Kisiwani kuna baridi. Kila neno nililosema lilikuwa la kweli lenyewe, na ndivyo fundi mbaya anavyofanya pia, kichwa cha bolti anachokibandika juu huwa ni cha bolti ile ile. Nina sababu zangu. Nilimwapia mtu anayekufa. Tulikuwa tumekatazwa kusema. Na niliogopa wangemtupa yule mama barabarani na watoto wake, jambo nililoliona likifanyika vijiji viwili mbele. Sababu tatu, zote nzuri. Nimezigeuza geuza miaka yote hii na hakuna hata moja inayonisaidia kulala mchana baada ya chakula, ambapo uzee wenyewe ungetosha.

Fundi akamchukua shemeji yake. Akalihamishia banda lake Kishanda, mabati yale yale, akaliweka mbele ya kibanja. Na hapo watu wakaanza kumsifu. Fundi amelainika, walisema, mke amemfundisha. Aliwapa wateja pole. Mtu akimdanganya alicheka na kufanya kazi hivyo hivyo. Jumapili moja aliingia kanisani akakaa benchi la nyuma na watoto wa mdogo wake, sakristani nusura aangushe kengele. Kila aliyenisimulia habari hizo alifurahi, nami nilicheka nao. Lakini nikifika nyumbani nilikumbuka alivyonifundisha kuhusu bolti inayotii kabla ya kulia.

Mara moja nilikwenda kumwambia. Lazima nilitaje hili, ingawa halinipunguzii chochote. Nilisimamisha pikipiki mbele ya kibanja asubuhi nimeshapanga maneno. Nilimkuta ameshika jembe la mkewe analitia mpini mpya, mkewe amesimama pembeni anamcheka kwa kuwa mpini umepinda, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kanga. Nikajiambia nimechelewa. Nikauliza habari za mbegu za maharage, nikaondoka.

Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo, mwenye kikohozi. Kisha siku moja nikipita Fundi akanisimamisha, akainua shati kwa maskhara.

"Tazama, Sista. Vita viliisha zamani, mimi ndio kwanza nimepewa mkanda."

Ubavuni, kutoka mgongoni mpaka karibu na kitovu, alikuwa na malengelenge mekundu yamepangana. Mkanda wa jeshi, ndivyo watu wanavyouita, na miaka ile tuliokuwa kazini tulijua unakuja mbele ya nini. Nikampa dawa ya zambarau ya kupaka. Nilimwambia ni joto la damu. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na mara ya pili sikuwa nimemwapia mtu yeyote.

Halafu nikawa nafuata njia nyingine. Kishanda si kubwa, lakini mtu akitaka kukwepa kibanja kimoja atapata njia, hata kama ni ya kupita kwenye matope ya bondeni. Nilikwepa msimu mzima wa senene na baada yake. Mpaka Jumanne moja nilipofungua daftari la wagonjwa wa majumbani, lililoandikwa na mwenzangu, nikaona jina la tatu kutoka juu: Fundi.

Nilifika asubuhi, jua limeshakausha umande. Walikuwa wamemtoa nje kwenye mkeka mbele ya banda, mgongo umeegemea boksi la vifaa. Sitaeleza alivyokuwa. Aliyewahi kumwona mdogo wake alikuwa amemwona na yeye. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, naye mwenyewe shingo imeanza kuonyesha mishipa. Kabla sijashuka kwenye pikipiki Fundi alisema:

"Bomba linavuja. Bolti ya kushoto."

"Amelisikia tangu uko kule bondeni," mkewe akasema. "Akasema, huyo ni Sista, leo kapita njia yetu."

Nikasalimia. Nikakaa kwenye gogo, ni lile lile la Muleba, walikuwa wamehama nalo. Mke akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani nikatia mdomoni nikatafuna, chungu kama ilivyo. Fundi aliningoja nimeze. Hakuwa na pumzi nyingi, alizipanga kabla ya kuzitumia.

"Sista. Ndugu yangu alikufa na nini?"

Nikamtazama mkewe. Nilidhani angalau yeye alikuwa anajua, kwamba mume wake wa kwanza alimwambia, kwamba nilikuwa nimemfichia mtu mmoja tu. Nikaona uso wake.

"Mwambie," akasema. "Na mimi nasikiliza. Nilikuwa kisimani siku zote mkiongea."

Nikawaambia. Nilitaja jina la ugonjwa, lile letu sisi wa dawa na lile la vijijini, nikasema nilijua tangu mwezi wa kwanza, nikasema kuhusu rozari. Kuhusu watakaomfukuza nilianza kusema nikaacha, kwa kuwa ilisikika kama najitetea mbele ya mtu niliyedai kumlinda. Kuku alipita katikati yetu akidonoa. Hakuna aliyemfukuza.

"Na huyu?" mkewe akauliza. Alimaanisha wa mgongoni.

Sikuweza kusema ndiyo wala hapana, sikujua. Akaelewa hivyo hivyo. Akageuka akaingia ndani, na tukamsikia akipanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nilimngoja Fundi anifukuze kama alivyomfukuza mwalimu mkuu. Ningepanda pikipiki yangu na kuondoka, na nadhani ningepona. Lakini alifumba macho tu. Mikono yangu ilitaka kazi, kwa hiyo nikafungua mkoba, nikaanza kupanga juu ya mkeka vile tulivyowapelekea wagonjwa wote wakati ule: dawa ya zambarau, sukari na chumvi ya kuchanganya na maji, kitambaa, na mche wa sabuni.

Alifumbua macho. Akanyoosha mkono, akauchukua ule mche. Aliuinua taratibu kwa mikono miwili mpaka puani, akanusa. Kisha akaniletea mimi.

"Nusa," akasema.

Nikanusa.

Akanirudishia. Nikamwita mkewe, akaleta maji ya moto kwenye beseni, macho mekundu, akashika bega la mumewe na mimi nikaanza kumwogesha. Nilimwosha mgongo, kifua, kovu la ule mkanda. Nikafika mikononi. Kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha kulikuwa na ule weusi wa masizi na grisi wa maisha yake yote, na nikausugua kwa nguvu, nikapaka sabuni tena nikasugua, povu likawa jeusi kwenye beseni na viganja vikabaki vilevile.

"Acha, Sista," akasema kwa upole. "Hiyo haitoki kwa sabuni."

Nikaendelea kusugua.